Kisulisuli cha ukingo wa mbele: namna ya kukiona, kukipima na kujua kinapasukia wapi

Bawa la kawaida la ndege ya abiria huanza kupoteza nguvu ya kuinua likikaribia nyuzi 15 dhidi ya mkondo wa hewa. Hewa inabanduka kwenye uso wa juu, na ikishabanduka rubani ana muda mfupi wa kujuta. Bawa la delta, yaani la pembetatu, lenye ukingo mkali linaenda kinyume. Kwake hewa inabanduka mapema sana, nyuzi chache tu baada ya pua kuinuka, na kubanduka huko ndiko kunakolibeba. Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kasi kuliko sauti, ilikuwa ikikaribia uwanja ikiwa na pembe ya takribani nyuzi 14, bila flapu wala slati (vibawa vya ziada vya nyuma na mbele), imeegemea visulisuli viwili vilivyolala juu ya mabawa yake.

Mwongozo huu ni wa mwalimu au mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayetaka kukiona kisulisuli hicho (wahandisi husema vorteksi), kupima kinaongeza gramu ngapi, na kujua kinapasuka kwenye pembe ipi. Sehemu ya kuona inafanyika ndani ya maji. Sehemu ya kupima uzito inafanyika hewani. Usijaribu kuzibadilisha, sababu iko kwenye hesabu za hatua ya 1.

Kitu chenyewe

Chukua pembetatu ya bati, ncha ikitangulia, uinue pua. Hewa ya chini, yenye shinikizo kubwa, inataka kupanda juu kwa kupitia ukingoni. Ukingo ukiwa mkali haiwezi kupinda kona. Inabanduka, na utando wake unajikunja juu ya bawa kama mkeka unaokunjwa kutoka pembeni kuelekea kati.

Kwenye bawa lililonyooka, mkunjo huo unazidi kujaa mpaka bawa linashindwa kuubeba, kisha unang'oka na kwenda zake. Kwenye ukingo uliolala nyuma kuna njia ya kutokea. Sehemu ya mkondo inakimbia sambamba na ukingo, inaingia kwenye kiini cha kisulisuli, na kuuchukua mzunguko hadi nyuma ya bawa. Kinachoingia kinalingana na kinachotoka, ndiyo maana kisulisuli kinatulia mahali pake, chembamba nchani na kinene nyuma. Kasi ya kiini inaweza kufika mara mbili hadi tatu ya kasi ya mkondo wa nje. Shinikizo dogo la humo ndilo linalovuta bawa juu.

Kinakufa njia hiyo inapoziba. Pembe inavyoongezeka, mzunguko unapata nguvu kuliko mbio za kiini. Mtiririko ukishajizungusha kwenye kiini kwa pembe ya karibu nyuzi 45, kupasuka kuko mlangoni. Kiini kinasimama ghafla, kinavimba, na kila kilichoko nyuma yake kinageuka vurugu. N. C. Lambourne na D. W. Bryer, wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, walipiga picha za tukio hili majini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenye picha yao mashuhuri bawa moja lina sura zote mbili kwa wakati mmoja: upande huu kisulisuli kimepasuka kama kiputo, upande ule kama uzi unaozunguka.

Wadudu wanaopiga mabawa wana kisulisuli cha namna hiyo hiyo ingawa mabawa yao hayajalala nyuma. Kwao bawa kuzunguka kwenye bega ndiko kunakokituliza. Hilo ni somo jingine.

Shika jambo moja tu: kisulisuli kinaishi kwa kutegemea njia yake ya kutokea. Kosa moja kubwa linaloharibu jaribio hili ni kitu kilichowekwa nyuma ya bawa.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kukata

Tumia bawa la delta lenye ukingo uliolala nyuma nyuzi 70, ukipima kutoka kwenye mstari unaokatiza mkondo. Chini ya nyuzi 55 visulisuli vinakaa karibu mno na uso na vinapasuka mapema, na mtu anayeanza hataelewa anachokiona. Juu ya nyuzi 75 bawa lenyewe huanza kuyumba upande kwa upande.

Nusu ya upana wa bawa ni urefu wa katikati ukigawanywa kwa tangenti ya nyuzi 70. Kwa urefu wa milimita 200 unapata nusu-upana wa milimita 72.8, upana mzima milimita 145.6, na eneo la mita za mraba 0.01456. Uwiano wa bawa, yaani mraba wa upana ukigawanywa kwa eneo, ni 1.456.

Sasa nguvu ya kuinua. Mwaka 1966 Edward Polhamus wa NASA Langley alitoa fomula ambayo hadi leo ndiyo njia fupi kuliko zote:

CL = Kp · sin α · cos²α + Kv · cos α · sin²α

CL ni kigawo cha nguvu ya kuinua: kizidishe kwa shinikizo la mwendo na eneo la bawa upate nguvu yenyewe. Herufi α ni pembe ya mkabala, pembe kati ya bawa na mkondo. Kipande cha kwanza ni nguvu ambayo bawa lingekuwa nayo bila kisulisuli. Cha pili ndicho kisulisuli. Wazo la Polhamus ni hili: nguvu iliyokuwa ivute ukingo kwenda mbele haipotei hewa inapobanduka. Inageuka nyuzi 90 na kuvuta bawa juu.

Kv kwa mabawa ya delta inakaa karibu na π, hivyo tumia 3.14. Kwa Kp, kama A ni uwiano wa bawa la pembetatu kamili, makadirio haya yanatosha:

Kp = 2πA ÷ (2 + √(A² + 8))

Bawa letu linatoa Kp ya 1.77. Kwa nyuzi 10, CL ni 0.39, na kisulisuli kimechangia 0.09. Kwa nyuzi 20 ni 0.88, mchango wake 0.35. Kwa nyuzi 30 fomula inasema 1.34, na nusu nzima ni ya kisulisuli. Namba hii ya mwisho usiiamini sana. Fomula haijui kwamba visulisuli hupasuka, na kwenye nyuzi 30 mpasuko uko karibu na ukingo wa nyuma au umeshauvuka.

Sasa ona kwa nini kazi imegawanywa mara mbili. Majini, kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde, shinikizo la mwendo (nusu ya uzito wa maji kwa mita ya ujazo mara mraba wa mwendo) ni paskali 5 tu. Bawa kwenye nyuzi 20 linainua takribani gramu 6.5, na mtetemo wa kigari kinachovuta bawa peke yake unazidi hapo. Hewani mambo yanageuka: gramu ni nyingi, ila rangi au moshi unatawanyika kabla hujapata picha. Basi, macho majini, mizani hewani.

Je, mwendo wa majini si mdogo mno? Namba ya Reynolds, inayolinganisha mwendo na ukubwa wa bawa na unato wa maji au hewa, ni karibu 22,000, ndogo sana kulinganisha na ndege. Lakini ukingo mkali unaamua wenyewe mahali hewa inabandukia, kwa hiyo kisulisuli kikuu hakibadiliki sana. Kinachobadilika ni kile kidogo kinachojitokeza chini yake kikizunguka kinyume. Kwa mwendo wa polepole kinakuwa kikubwa na kukisukuma kikuu juu kidogo na kuelekea katikati ya bawa.

Hatua ya 2: Kata bawa

Perspeksi angavu (plastiki ngumu inayofanana na kioo) ya milimita 3. Uangavu si urembo: utatazama kisulisuli kupitia ndani ya bawa lenyewe.

Kata pembetatu, kisha chonga kingo mbili za mbele kwa upande mmoja tu, mlalo wa nyuzi 30, mpaka makali yawe chini ya milimita 0.2. Anza na tupa, malizia kwa msasa wa namba 400 juu ya kioo bapa. Uso usiochongwa ndio uso wa kuvuta, ule ambao visulisuli vitalala juu yake, na ubaki bapa kabisa. Ukingo wa nyuma uache mraba.

Ncha ndiyo inayoharibika. Perspeksi hupasuka hapo kwa kuguswa tu, na ncha iliyovunjika milimita 2 upande mmoja inazalisha visulisuli visivyolingana kwenye bawa zima. Tengeneza mabawa mawili kwa mpigo.

Kwa kalamu isiyofutika chora mistari ya kukata bawa kila milimita 20 kuanzia nchani. Kila mstari ni asilimia 10 ya urefu. Bila mistari hiyo utakuwa na picha nzuri zisizo na namba.

Hatua ya 3: Tangi na kigari

Tangi la mita 3 kwa sentimita 60, maji ya kina cha sentimita 45. Bawa likiinuliwa nyuzi 30 linaziba chini ya asilimia 3 ya njia ya maji, na kiwango cha kuogopa ni asilimia 5.

Maji hayo ni lita 810, na kila ubao mrefu unasukumwa kwa takribani niutoni 3,000, kama mtu amepakia magunia matatu ya kilo mia mia ubavuni. Plaiwudi ya milimita 18 na nguzo za mbao za milimita 50 kwa 75 kila nusu mita, zifungwe juu na chini kwa fito za kukatiza. Ndani tandika plastiki nzito ya bwawa. Weka dirisha la perspeksi ya milimita 10 ubavuni, katikati ya urefu. Sakafu ya ghorofa ya zamani si mahali pake.

Reli ni vyuma viwili vya pembe vya aluminiamu, vilivyosawazishwa kwa pima-maji visizidi milimita 1 kwa mita. Kigari kitembee kwa beringi namba 608, zile za viatu vya magurudumu. Kwa kuvuta, mota ya waipa ya gari ya volti 12 inatosha. Ikizunguka mara 45 kwa dakika, kigurudumu cha kamba chenye kipenyo cha milimita 42 kinatoa sentimita 10 kwa sekunde. Kamba iwe waya mwembamba wa chuma au uzi uliosukwa. Mshipi wa nailoni wa kuvulia unanyumbuka, kigari kinaanza kudunda, na kisulisuli kinadunda nacho.

Bawa lifungwe kichwa chini. Mkono unaotoka kwenye kigari unashuka kutoka juu, na hauwezi kugusa uso wa kuvuta bila kuua visulisuli. Ukigeuza bawa, uso wa kuvuta unatazama sakafu ya tangi, upande uliochongwa unatazama juu, na mkono unashika upande uliochongwa. Ncha sasa inainama badala ya kuinuka. Fizikia ni ile ile.

Mkono uwe aluminiamu bapa ya milimita 4 kwa 25, ubapa wake ukifuata mkondo, ushike bawa kwenye mstari wa katikati, milimita 120 kutoka nchani. Usiufunge kwenye ukingo wa nyuma hata kama ni rahisi zaidi. Chochote kinachosimama nyuma ya bawa kinaongeza shinikizo mbele ya kiini na kuusogeza mpasuko mbele. Ndilo tatizo lililoikuta ndege ya kivita F/A-18 likiwa limegeuzwa: visulisuli vya vipanuzi vya mbele ya mabawa yake vilipasuka karibu na mikia miwili ya wima, mikia ikatikiswa mpaka ikapata nyufa za uchovu, na tiba ikawa viubao vidogo vya wima vilivyofungwa juu ya vipanuzi hivyo.

Kwa pembe, toboa bamba la kushikia matundu kila nyuzi 5 kwenye duara lenye nusu-kipenyo cha milimita 100. Tundu hadi tundu ni milimita 8.7. Hakiki kila pembe kwa kipima-pembe cha kidijitali. Kosa la nusu nyuzi linavumilika, la nyuzi 2 linakupa jaribio jingine.

Hatua ya 4: Rangi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu.

Rangi ya chakula peke yake inasambaa haraka. Ichanganye na maziwa: mafuta yake yanaushikilia uzi wa rangi usiyeyuke. Maziwa ya pakiti sehemu moja, maji ya tangi lenyewe sehemu moja, rangi mpaka iwe nzito. Mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji, utazama. Ongeza spiriti ya hospitali: anza na mililita 5 kwa kila mililita 100, dondosha tone moja kwenye glasi ya maji ya tangi, na uongeze mpaka tone lisipande wala lisishuke. Kwa kawaida unafikia karibu mililita 7. Tumia nyekundu upande mmoja na bluu upande wa pili. Mchanganyiko huu ni wa siku moja. Kesho yake maziwa yameganda ndani ya mirija na umepoteza asubuhi ukizibua.

Mrija wa kutolea rangi ni sindano ya geji 18 iliyokatwa ncha, iliyogundishwa upande uliochongwa, tundu likifika ukingoni milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye ncha ya bawa. Moja kila upande. Zilishwe na seti mbili za dripu za hospitali zilizoning'inizwa kwenye kigari. Kile kigurudumu cha kubana mpira ni vali nzuri kuliko nyingi za dukani.

Kasi ya rangi ndiyo siri. Rangi ikitoka kwa kasi kuliko maji yanayopita, inakuwa pampu: inausukuma mkondo wa kiini na kuchelewesha mpasuko. Utaona bawa la ajabu na utakuwa umejidanganya. Tundu la geji 18 lina kipenyo cha milimita 0.84. Ili rangi itoke kwa nusu ya mwendo wa bawa inahitajika mililita 0.03 kwa sekunde. Seti nyingi za watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita (imeandikwa kwenye pakiti), kwa hiyo hesabu matone 36 kwa dakika kila upande. Ukiwa kati ya 30 na 40 uko sawa. Hesabu bawa likiwa linatembea, kwa sababu shinikizo dogo la nchani huvuta rangi zaidi kuliko bawa likiwa limesimama.

Hatua ya 5: Kuvuta

Maji yakae usiku mzima kabla ya siku ya kazi. Maji mapya ya bomba yana viputo vinavyojibandika kwenye bawa, na tangi lililojazwa maji ya baridi juu ya maji ya uvuguvugu lina matabaka yatakayoikunja rangi yako.

Bawa likae katikati ya kina. Simu ifungwe kwenye kigari ikitazama chini, fremu 30 au 60 kwa sekunde. Viwimbi vya juu vitaharibu picha, kwa hiyo funga kwenye kigari kisanduku chepesi chenye kitako cha perspeksi, kitako kikizama milimita 5, na simu itazame kupitia humo.

Anza mota. Mita ya kwanza itupe, kisulisuli bado kinajijenga: bawa linahitaji kusafiri karibu mara tano ya urefu wake ndipo mpasuko utulie. Vipimo vichukuliwe kati ya mita 1 na mita 2.2, sekunde 12 hivi. Mwisho wa tangi nao utupe, maji yanarundikana mbele ya ukuta. Kisha ngoja dakika 15 hadi 20 kabla ya mvuto unaofuata. Hapa watu hukosa subira. Maji yanaonekana yametulia juu wakati chini bado yanazunguka, na matokeo yanakuja na pembe ya upande (bawa kukutana na mkondo kwa mshazari) ambayo hakuna aliyeiweka.

Pita kwenye nyuzi 15, 20, 25, 30, 35 na 40, mivuto mitatu kila pembe. Ni siku nzima ya kazi.

Hatua ya 6: Kusoma picha

Kisulisuli chenye afya ni uzi mwembamba wa rangi, umenyooka kutoka nchani, umelala karibu asilimia 60 hadi 70 ya nusu-upana kutoka katikati. Mpasuko ni pale uzi unaponenepa ghafla au kuanza kujipinda kama kizibuo. Soma mstari wa asilimia uliopo hapo.

Usitafute namba moja. Mpasuko unatembea mbele na nyuma hata mwendo ukiwa thabiti, asilimia kadhaa za urefu wa bawa kila upande. Chukua fremu moja kila nusu sekunde, andika zote, toa wastani, na uandike pia ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa. Bila mipaka hiyo wastani wako hausemi mengi.

Kwa bawa la nyuzi 70, hadi nyuzi 25 uzi utapita bawa zima ukiwa mzima. Karibu na nyuzi 28 hadi 30 mpasuko unavuka ukingo wa nyuma. Kwenye 35 umefika karibu na katikati, kwenye 40 unaikaribia ncha. Maabara tofauti hutofautiana kwa nyuzi kadhaa kwa bawa lile lile. Unene, mchongo wa ukingo, kuta na mkono wa kushikia vyote vinachangia. Ukipata 26 au 32 usihangaike. Ukipata 20, kuna kitu.

Mara nyingi kitu chenyewe ni kimojawapo cha hivi. Rangi inageuka wingu papo hapo nchani: matone yamezidi, au kuna kiputo kwenye sindano. Mpasuko uko mbele pande zote mbili sawasawa: tazama nyuma ya bawa, mpira wa dripu umening'inia kwenye njia. Uzi unatetemeka kwa mpigo unaohesabika: mkono haujafuata mkondo na unatupa visulisuli vyake wenyewe, au mota inadunda.

Upande mmoja ukipasuka kabla ya mwingine, shuku pembe ya upande kwanza. Upande unaotangulia kukutana na mkondo unakuwa kama umepungua kulala nyuma, na kisulisuli chake kinapasuka mapema. Wa pili unachelewa. Geuza bawa nyuzi 1 kushoto, vuta, kisha nyuzi 1 kulia. Tofauti ikihama upande, tafuta pembe ya kati zinapolingana na ufunge hapo. Ikibaki upande ule ule, bawa lenyewe lina kilema. Kagua ncha kwa lenzi.

Jambo hilo linaeleza pia tabia ya hatari ya ndege za delta: kwenye pembe kubwa, upepo wa ubavuni unapasua kisulisuli cha upande unaoutazama, bawa hilo linazama, na ndege inajiviringisha kuuelekea upepo badala ya kuukimbia.

Hatua ya 7: Mizani hewani

Unahitaji handaki dogo la upepo lenye mdomo wa sentimita 50 kwa 50 na mwendo wa mita 12 kwa sekunde. Bawa liwe na urefu wa milimita 250, plaiwudi ya milimita 4 au aluminiamu ya milimita 3, nyuzi 70, mchongo ule ule. Upana unakuwa milimita 182 na eneo mita za mraba 0.02275.

Safari hii bawa likae kawaida, uso wa kuvuta juu, mkono ukitoka chini. Mkono usimame kwenye tofali la chuma la kilo 1.5 lenye kitako cha sentimita 20, tofali likae juu ya mizani ya jikoni ya kilo 5 inayosoma gramu 1. Upepo ukiwaka, mizani inasoma pungufu. Pungufu hilo ndilo nguvu ya kuinua.

Pwani, kwa joto la nyuzi 30, uzito wa hewa ni kilo 1.165 kwa mita ya ujazo. Nairobi, kwenye nyanda za juu, ni karibu 0.99, na ukitumia namba ya Dar es Salaam huko utalilaumu bawa bure. Kwa hewa ya pwani shinikizo la mwendo ni paskali 84, sawa na milimita 8.6 za maji kwenye mrija wa U wa kupimia shinikizo. Laza mrija kwa mteremko wa 1 kwa 5 upate milimita 43 zinazosomeka.

Matarajio: nyuzi 10, gramu 76. Nyuzi 20, gramu 171, ambapo 104 zingekuwepo hata bila kisulisuli na 67 ni zake. Nyuzi 30, fomula inadai 261. Mizani itasoma chini ya hapo, na pengo hilo ndilo mpasuko ulioupiga picha majini. Mdomo ulio wazi nao unapunguza kidogo, kwa kuwa mkondo usio na kuta unainama chini ya bawa.

Kabla ya kuamini gramu yoyote, sukuma mkono wa bawa kwa kidole kuelekea nyuma, upepo ukiwa umezimwa. Mizani ikibadilika kwa zaidi ya gramu 2 au 3, ukinzani wa hewa unaingia kwenye kipimo. Na ukinzani si mdogo: ukingo mkali hauna mvuto wa mbele, nguvu yote inakaa wima kwenye ubao, hivyo ukinzani unaotokana na kuinua ni nguvu ya kuinua mara tangenti ya pembe. Kwenye nyuzi 30 ni karibu gramu 150 zinazosukuma nyuma. Ndiyo maana tofali ni zito na pana.

Ukishalipata la nyuzi 70

Kata la nyuzi 60 na urudie. Majini punguza urefu uwe milimita 150, la sivyo kuta zitalibana; upana utakuwa milimita 173. Mpasuko utavuka ukingo wa nyuma mapema, karibu nyuzi 13 hadi 15. Fomula itakupa CL ya 1.12 kwenye nyuzi 20 na bawa halitaifikia.

Kisha fanya la kukusudia: funga kijiti cha milimita 6 wima nusu urefu wa bawa nyuma ya ukingo, kwenye njia ya kisulisuli kimoja tu, bawa la nyuzi 70 likiwa kwenye nyuzi 25. Linganisha pande mbili kwenye picha moja.

La nyuzi 80 likitamanisha, kwanza kaza bolti zote za kushikia na uondoe ulegevu wowote wa kuviringika. Kuanzia nyuzi ishirini na kitu za pembe ya mkabala bawa jembamba namna hiyo huanza kujitikisa upande kwa upande lenyewe, na mkono wenye mchezo wa milimita moja utakuonyesha mtikisiko huo badala ya visulisuli. Uingereza waliunda Handley Page HP.115, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1961, makusudi ili kujua rubani anaishije na bawa jembamba la aina hii kwa mwendo mdogo. Hapo tayari ilikuwa na ukingo uliolala karibu nyuzi 75 tu.